Kuzaa ni Kazi na Kulea ni Kazi: Hali na Mustakabali wa Umeme wa Nyuklia

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa wageni waalikwa, walimu, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie hali ya sasa ya umeme wa nyuklia na matarajio yake, na waandaaji wamenitahadharisha, kwa upole lakini kwa msisitizo, kwamba ukumbi huu una watu wa pande mbili: wanaoamini kuwa nyuklia ndiyo itakayoiokoa dunia na ongezeko la joto, na wanaoamini kuwa ni balaa linalongoja siku yake. Sikuja kuwapatanisha. Nimekuja kueleza kwa nini naona pande zote mbili zimekuwa zikivutana juu ya jambo ambalo si gumu kuliko yote. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kwa kinu cha nyuklia methali hiyo haitoshi, maana kuzaa ni kazi, kulea ni kazi, na hata kuzika ni kazi; na wengi waliofilisika kwa ajili ya nyuklia katika miaka 50 iliyopita walifilisikia uzazini, kabla mtoto hajalia.

Nianze na hali ilivyo. Duniani kuna vinu zaidi ya 400 vinavyofanya kazi katika nchi zipatazo 30, na umeme wake ni karibu asilimia 9 ya umeme wote unaozalishwa. Katikati ya miaka ya 1990 kiwango hicho kilikuwa zaidi ya asilimia 17. Anayesikia takwimu hizo mbili kwa mara ya kwanza hudhani nyuklia imeporomoka, lakini sivyo: kiasi chenyewe cha umeme hakikupungua, na mwaka 2024 kilivunja rekodi ya miaka yote iliyotangulia. Kilichotokea ni kwamba dunia iliongeza matumizi yake ya umeme kwa kasi kubwa, ikaupata kwa makaa ya mawe, gesi, na siku hizi jua na upepo, huku nyuklia ikibaki palepale ilipokuwa. Ni kama mtu ambaye mshahara wake haukupunguzwa hata senti, ila familia imeongezeka mara mbili.

Jambo la pili kuhusu hali ilivyo ni kwamba vinu hivi vimegawanyika kijiografia kwa namna inayoeleza mengi. Marekani ina vinu 94, idadi kubwa kuliko nchi yoyote, lakini vingi kati ya hivyo vimekwisha kuvuka umri wa miaka 40. Ufaransa hupata karibu theluthi mbili ya umeme wake kwenye nyuklia, na hakuna taifa kubwa linaloikaribia kwa uwiano huo. Lakini ukiuliza ni wapi vinu vipya vinajengwa, jibu ni Asia: karibu nusu ya vinu vyote vinavyojengwa duniani viko China. Barani Afrika kituo kinachofanya kazi ni kimoja tu, Koeberg, cha Afrika Kusini, ambacho vinu vyake viwili vilianza kutoa umeme katikati ya miaka ya 1980. Na huko El Dabaa, kwenye pwani ya Misri, vinu vinne vinajengwa tangu mwaka 2022.

Sasa naomba mtazame mkono wangu. Nimeokota chaki pale ubaoni nikaivunja, na kipande hiki kilicho kati ya vidole vyangu kina urefu wa sentimita moja hivi, na unene unaokaribia huo. Tembe moja ya fueli ya nyuklia ina ukubwa wa namna hii. Ni nyeusi, ngumu kama kigae, ina uzito wa gramu chache tu, na kabla haijaingia kinuni mfanyakazi huishika kwa glavu za kawaida. Nishati itakayotoka ndani yake inakaribia ile ya tani moja ya makaa ya mawe. Tembe hizi hupangwa moja juu ya nyingine ndani ya mirija myembamba ya metali, mirija hufungwa pamoja kama mafungu ya kuni, na kinu kikubwa hubeba mamilioni yake. Kila baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili, kinu huzimwa kwa wiki kadhaa, sehemu ya mafungu hayo, mara nyingi theluthi, hutolewa, na mapya huingizwa. Kituo cha megawati 1,000 hutumia takriban tani 25 za fueli kwa mwaka, ilhali kituo cha makaa ya mawe cha ukubwa huohuo huteketeza tani zipatazo milioni 3.

Ndani ya kinu chenyewe, chembe iitwayo nyutroni hugonga kiini cha atomi ya urani, kiini hupasuka, joto hutoka, na nyutroni nyingine hurushwa kwenda kugonga viini vingine. Joto hilo huchemsha maji, mvuke huzungusha turbini, na turbini huzalisha umeme. Wanafunzi wangu wengi huvunjika moyo nifikapo hapo: baada ya fizikia yote ile, tunachemsha maji. Naam, tunachemsha maji. Lakini tunayachemsha bila moshi, na hilo si dogo, kwa sababu ukihesabu hewa ukaa yote, kuanzia machimboni hadi ubomoaji wa kituo, kila uniti ya umeme wa nyuklia huhusishwa na gramu zipatazo 12, kiwango kinacholingana na cha upepo, wakati makaa ya mawe huvuka gramu 800.

Nimewaonyesha kile kipande cha chaki kwa sababu ndicho kinachofafanua uchumi mzima wa jambo hili. Kwa kuwa fueli ni ndogo kiasi hicho, gharama yake ni sehemu ndogo ya bei ya umeme. Kituo cha gesi ni kinyume chake: kukijenga ni rahisi, kukilisha ni ghali. Kinu cha nyuklia hulipiwa karibu chote kabla hakijawasha taa moja. Na fedha hizo, ndugu zangu, ni za mkopo. Chukueni mkopo wa dola bilioni 10 kwa riba ya asilimia 7. Kila mwaka ambao jengo limesimama bila kuuza umeme, riba peke yake ni dola milioni 700, yaani karibu dola milioni 2 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Mkandarasi akisema mabomba yamechelewa miezi sita, mwenye mradi hasikii habari za mabomba. Anasikia dola milioni 350.

Mifano haihitaji kutafutwa mbali. Kinu cha tatu cha Flamanville, nchini Ufaransa, kilianza kujengwa Desemba 2007 kwa makadirio ya euro bilioni 3.3, na kiliunganishwa na gridi Desemba 2024, miaka 17 baadaye, huku kampuni inayokimiliki ikikiri gharama ya zaidi ya euro bilioni 13. Miongoni mwa mambo yaliyokichelewesha ni maungio ya mabomba makuu ya mvuke. Yalichomelewa, yakakaguliwa, yakaonekana hayafikii kiwango kilichoahidiwa, na mwaka 2019 mamlaka ya usalama ikaamuru yarekebishwe, pamoja na manane yaliyokuwa katikati ya kuta mbili za jengo la kinu, mahali ambapo mtu hawezi kupenya na ilibidi watumie roboti. Hebu fikirini: taifa lililojenga vinu zaidi ya 50 katika muda wa miaka 20 hivi, baada ya uamuzi wa serikali ya Pierre Messmer wa mwaka 1974, lilifika mahali pa kuhangaika na uchomeleaji. Fizikia haikubadilika. Waliokuwa wakijua kuchomelea walistaafu, na kwa kuwa kwa miaka mingi hakukuwa na kinu kipya cha kujengwa, hawakuwa na wa kuwarithisha mikono yao.

Olkiluoto 3 ya Finland ilipangwa kuanza 2009, ikaanza uzalishaji wa kawaida Aprili 2023. Vogtle, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, ilikadiriwa kugharimu dola bilioni 14 kwa vinu viwili. Vilipokamilika 2023 na 2024, gharama ilikuwa imevuka bilioni 30. Katika jimbo jirani la South Carolina mambo yalikuwa mabaya zaidi, maana mwaka 2017, baada ya kutumia takriban dola bilioni 9, waliuacha mradi mzima, na wateja wakaendelea kukatwa fedha kwenye bili zao kwa ajili ya vinu ambavyo havikukamilika.

Sasa linganisheni na Barakah, katika Umoja wa Falme za Kiarabu. Nchi ambayo haikuwa na kinu hata kimoja iliingia mkataba na Wakorea wa Kusini mwaka 2009, kinu cha kwanza kikaanza 2020 na cha nne 2024, na leo kituo hicho hutoa robo ya umeme wa taifa hilo. Kilichelewa pia, tusidanganyane, lakini miaka mitatu si sawa na kumi na mbili. Wakorea hawakuwa na uchawi. Walikuwa hawajaacha kujenga kwao nyumbani. Walijenga muundo uleule mara nne mfululizo, na mafundi waliomaliza kinu cha kwanza walihamia cha pili wakiwa bado wanakumbuka makosa yao. China hufanya vivyo hivyo kwa kiwango kikubwa zaidi, na huongezea mikopo ya mabenki ya serikali yenye riba nafuu. Kwa hiyo anapokuja mtu kusema nyuklia ni ghali, na mwingine akasema ni nafuu, wote wawili wanaweza kuwa wakweli; muhimu ni kuwauliza imejengwa na nani, kwa riba gani, na hiki ni kinu cha ngapi cha aina yake.

Nageukia kulea, yaani usalama. Hapa nitaomba uvumilivu wenu kidogo, kwa sababu kuna jambo moja la kitaalamu ambalo usipolielewa hutaelewa ajali hata moja. Kinu cha nyuklia hakizimiki kama taa. Unaweza kukatisha mpasuko wa viini kwa sekunde chache kwa kushusha fimbo za udhibiti, lakini mabaki ya viini vilivyopasuka huendelea kutoa joto yenyewe. Dakika ileile ya kuzimwa, joto hilo ni takriban asilimia 6 au 7 ya nguvu kamili. Baada ya saa moja limeshuka hadi asilimia moja na ushee. Baada ya siku, chini ya asilimia moja. Zinaonekana asilimia ndogo, lakini kwenye kinu kikubwa asilimia moja ni makumi ya megawati za joto ndani ya chombo kisichozidi ukubwa wa chumba, na maji yasipopita humo, fueli itayeyuka. Kila mhandisi wa nyuklia analala akiwaza swali hilohilo: umeme wa gridi ukikatika, nani atazungusha pampu?

Fukushima, nchini Japani, ilikuwa jibu baya la swali hilo. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko lilipopiga, vinu vilivyokuwa vikifanya kazi vilijizima kama vilivyosanifiwa. Umeme wa gridi ulikatika, jenereta za dizeli zikawaka. Chini ya saa moja baadaye ikafika tsunami ya mita zipatazo 14, ikaruka ukuta, ikazifurika jenereta ambazo nyingi zilikuwa kwenye vyumba vya chini ya ardhi. Pampu zilinyamaza, na fueli ya vinu vitatu ikayeyuka. Sehemu ya historia hii isiyosimuliwa sana ni kwamba eneo lile awali lilikuwa mwinuko wa mita 35 juu ya bahari, nao waliukata hadi mita 10 ili kujenga kwenye mwamba imara na kurahisisha kupandisha maji.

Kaskazini zaidi, karibu zaidi na kitovu cha tetemeko, kuna kituo kingine kiitwacho Onagawa. Kilipokuwa kikipangwa, mhandisi mmoja, Yanosuke Hirai, aliyeijua historia ya tsunami kubwa ya mwaka 869, alishikilia kwamba kijengwe karibu mita 15 juu ya bahari, ingawa wenzake waliona anazidisha tahadhari na gharama. Siku ya tukio, maji yalifika mita 13. Vinu vya Onagawa vilizimika salama, na zaidi ya wakazi 300 waliopoteza nyumba zao walikimbilia ndani ya kituo hichohicho cha nyuklia na kukaa humo kwa wiki kadhaa. Hirai hakuwa hai tena kuyaona hayo. Kila ninapofundisha usalama huanza na vituo hivi viwili: bahari moja, siku moja, teknolojia ya familia moja, na tofauti yake ni kwamba upande mmoja kuna mtu alikataa kukubaliana na wenzake na akasikilizwa.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi siwacheki wanaoshtuka. Chernobyl, Aprili 1986, iliua watu wapatao 30 katika miezi ya mwanzo, ikawapa saratani ya tezi ya shingo maelfu ya watu waliokuwa watoto wakati ule na kunywa maziwa yaliyochafuliwa. Na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria mwaka 2005 kwamba vifo vinaweza kufikia 4,000 miongoni mwa waliopata mionzi mingi zaidi. Kinu kile kilikuwa na kasoro ya usanifu ambayo haimo katika vinu vya kawaida vya maji: maji yalipochemka kupita kiasi, nguvu yake iliongezeka badala ya kupungua. Fukushima ni hadithi nyingine. Huko, zaidi ya watu 150,000 walihamishwa, na katika mkoa ule vifo zaidi ya 2,000 vimehusishwa na msukosuko wa kuhama wenyewe: wagonjwa waliotolewa hospitalini kwa haraka, wazee waliofia kwenye makazi ya muda. Mionzi iliua wachache mno. Hofu ya mionzi na mipango mibovu ya kuwahamisha watu viliua wengi. Wakati huohuo moshi wa makaa ya mawe unaua watu kila mwaka bila kuitwa ajali, kwa sababu hauna tarehe. Nasema hayo bila nia ya kuitakasa nyuklia, kwani mtu aliyefukuzwa kwenye shamba la babu yake hafarijiwi na takwimu za makaa.

Kuna hatari mpya ambayo vitabu tulivyosomea havikuwa nayo, nayo ni vita. Tangu Machi 2022 kituo cha Zaporizhzhia, kikubwa kuliko vyote barani Ulaya chenye vinu sita, kimekuwa mikononi mwa majeshi ya Urusi ndani ya ardhi ya Ukraine. Vinu vyake vimezimwa, lakini kama nilivyoeleza, kuzimwa hakuondoi haja ya maji na umeme, na nyaya zinazokipelekea umeme zimekatika mara kadhaa. Wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki wamekaa humo tangu Septemba 2022. Nani alisanifu kinu akifikiria mizinga?

Kuhusu mazishi, yaani taka, nitasema machache, kwa sababu nadhani ndilo tatizo linalozungumzwa zaidi ya uzito wake wa kitaalamu na kushughulikiwa chini ya uzito wake wa kisiasa. Taka kali zaidi ni chache kwa ujazo. Nyingi ziko kwenye mabwawa ya maji na makasha ya zege pembeni mwa vituo vyenyewe, na huko zimetulia. Finland imechimba mahandaki ya Onkalo, zaidi ya mita 400 chini, ndani ya mwamba wa kale mno, ambamo fueli iliyotumika itafungwa kwenye mitungi ya shaba na kuzungushiwa udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowana. Sweden ilianza ujenzi wa hifadhi yake huko Forsmark mwaka 2025. Marekani ilichagua mlima wa Yucca, jimboni Nevada, mwaka 1987, ikatumia mabilioni ya dola, kisha siasa zikaua mpango, na hadi leo taka zake hazina kaburi. Mwamba wa Nevada si sababu yote ya tofauti hiyo. Wafini walikwenda kuongea na wakazi wa Eurajoki, mahali palipo na mahandaki hayo, kwa miaka mingi na kuwapa haki ya kukataa, ilhali watu wa Nevada walisikia uamuzi ukitangazwa kutoka mji mkuu.

Je, kwa nini basi nyuklia imerudi mezani? Kwanza ni tabianchi: katika mkutano wa Dubai, Desemba 2023, nchi zaidi ya 20 ziliahidi kushirikiana ili uwezo wa nyuklia duniani uongezeke mara tatu ifikapo 2050. Pili ni gesi, maana vita vya mwaka 2022 viliwafundisha Wazungu kwamba bomba la gesi lina ufunguo, na ufunguo una mwenyewe. Tatu ni jambo ambalo miaka michache iliyopita hakuna aliyelitabiri: vituo vya data vya akili mnemba vinavyotaka umeme usiku na mchana. Mwaka 2024 Microsoft ilisaini mkataba wa miaka 20 wa kununua umeme wa kinu namba moja cha Three Mile Island, ambacho kilifungwa 2019 na sasa kinaandaliwa kufufuliwa. Ni jirani wa kile kilichoyeyuka mwaka 1979. Na Juni 2025 Benki ya Dunia iliondoa zuio lake la muda mrefu la kugharamia nyuklia. Si wote walioko kwenye msafara huo. Ujerumani ilizima vinu vyake vitatu vya mwisho tarehe 15 Aprili 2023, ikiwa bado inachoma makaa ya mawe. Uamuzi ule naheshimu haki ya Wajerumani kuufanya, lakini mpangilio wake, nyuklia kwanza na makaa baadaye, sijawahi kuona hoja ya kuutetea.

Matumaini mengi ya leo yamewekwa kwenye vinu vidogo, vya chini ya megawati 300, vitakavyotengenezwa kiwandani na kusafirishwa vikiwa tayari. Wazo ni zuri, maana linagusa ugonjwa wenyewe, yaani uzazi mrefu na mkopo mkubwa. Lakini mwaka 1953 Hyman Rickover, baba wa nyambizi za nyuklia za Marekani, alikwisha kutuonya kwamba kinu cha kwenye karatasi siku zote ni kidogo, rahisi na cha bei nafuu, na kile kinachojengwa kweli ni kikubwa, kigumu, na kimechelewa. Mradi wa kampuni ya NuScale uliokusudiwa kuhudumia miji ya Utah ulifutwa Novemba 2023, baada ya bei iliyotarajiwa kupanda kutoka dola 58 hadi 89 kwa megawati-saa kabla ya kumwaga zege. Urusi ina viwili vidogo juu ya meli huko Pevek, China inajenga kimoja cha megawati 125 kisiwani Hainan, na mwaka 2025 Kanada iliruhusu ujenzi wa cha kwanza kati ya vinne huko Darlington. Mimi naitazama Darlington kuliko vyote, na hasa kinu chake cha nne. Cha kwanza kitakuwa ghali bila shaka, na kama cha nne hakitakuwa nafuu kwa kiasi kinachoonekana, hoja nzima ya udogo itakuwa imeanguka. Ama kuunganisha viini kama jua linavyofanya, maabara ya California ilipata nishati zaidi ya ile ya leza iliyofika kwenye shabaha, Desemba 2022, lakini mitambo ya leza yenyewe ilikula takriban mara 100 ya nishati iliyopatikana. Ni sayansi tamu. Tusiiweke kwenye mipango ya umeme.

Nchi inayotaka kuanza leo inahitaji kujua mambo ambayo hayaandikwi kwenye vipeperushi. Kinu kimoja kisizidi takriban sehemu moja ya kumi ya gridi, kwa sababu kikizimika ghafla kitaiangusha gridi nzima. Kwa mataifa mengi hesabu hiyo peke yake inafunga mlango wa kinu cha megawati 1,000. Inahitaji mdhibiti mwenye ubavu wa kumwambia waziri hapana. Inahitaji kuamua itamtegemea nani kwa fueli: Kazakhstan hutoa takriban asilimia 40 ya urani ya dunia, na Urusi inashika sehemu kubwa kuliko nchi nyingine yoyote ya uwezo wa kuirutubisha, yaani kuiandaa iwe fueli ya kinu, kiasi kwamba Marekani, iliyopiga marufuku urani hiyo ya Urusi mwaka 2024, ililazimika kujiachia mlango wa misamaha kwa miaka kadhaa. Na inahitaji kuusoma mkopo. Misri ilipewa na Urusi dola bilioni 25 kwa riba ya asilimia 3, masharti ambayo mabenki ya biashara hayawezi kuyagusa. Lakini mkopo wa namna hiyo ni ndoa ya miaka 60, na mahari si fedha tu.

Ufilipino ilianza kujenga kituo cha Bataan mwaka 1976. Kilikuwa kimekamilika kufikia katikati ya miaka ya 1980, kikiwa kimegharimu zaidi ya dola bilioni 2 kwa megawati 621. Kisha Rais Marcos akapinduliwa, miezi michache baadaye Chernobyl ikalipuka, tuhuma za rushwa na za usalama zikaungana, na serikali mpya ikaamua kisiwashwe. Wafilipino walimaliza kulipa deni lake mwaka 2007. Jengo bado lipo, huonyeshwa kwa wageni, na mitambo yake haijawahi kuzalisha hata uniti moja.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo nitoe utabiri wangu niwe nimejifunga. Ahadi ya kuongeza mara tatu ifikapo 2050 inahitaji, ukijumlisha na vinu vitakavyostaafu, zaidi ya gigawati 30 mpya kila mwaka kwa robo karne. Kasi hiyo dunia iliwahi kuikaribia katikati ya miaka ya 1980 tu, na miaka ya hivi karibuni tumekuwa chini ya gigawati 10. Siamini kwamba itafikiwa. Naamini China itaipita Marekani kwa idadi ya vinu kabla ya mwaka 2035, kwamba Ulaya na Marekani zitapata umeme wao wa nyuklia ulio nafuu zaidi kwa kurefusha maisha ya vinu walivyo navyo, vingine hadi miaka 80, na kwamba nchi changa chache zitafanikiwa, zile zitakazokuwa zimemwajiri na kumlipa vizuri mdhibiti wao miaka kumi kabla ya kumwita mkandarasi. Nawashukuru kwa kunisikiliza, na sasa niko tayari kwa maswali. Naona mkono umeinuliwa kule nyuma tangu nilipoitaja Ujerumani.